Maswali yenu: TAZARA ina mwendeshaji mpya, na sisi abiria je?

Toka habari za TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kupata mwendeshaji mpya zianze kuzagaa, maswali yanayoingia hapa ni ya reli tu, nimeona toleo hili niache mengine yote nijibu haya kwanza. Kwa ambao hawakufatilia ni hivi: Septemba 2024 kule Beijing Rais Samia, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia makubaliano ya awali yakisainiwa, mwaka mmoja baadae, yani Septemba 2025, ukaja mkataba wenyewe na kampuni ya China inaitwa CCECC, dola bilioni 1.4, miaka 30, mitatu ya mwanzo kukarabati na 27 inayobaki kuendesha na kurudisha hela yao. Novemba 2025 kazi ikazinduliwa Lusaka. Vimetajwa vichwa vipya 32 na mabehewa 762. Ila ukisoma maswali yenu yote yanaishia palepale, na abiria je? Twende.

Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama mfanyabiashara wa mchele hapa Mlimba, nauzia Makambako na mara mojamoja Dar. Huku watu wanasema treni imeuzwa kwa Wachina na itakuwa ya shaba tu, abiria tutafute mabasi. Masika barabara yetu unaijua. Ni kweli? – Mama wa mchele, Mlimba

Mama yangu hongera kwa kazi. Kwanza tuondoe hilo la kuuzwa, reli haijauzwa. Reli, ardhi na stesheni ni mali ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu, kilichofanyika ni kukodisha, muda ukiisha vinarudi kwa wenyewe. Ila hofu yako ina msingi kabisa na sitaki kukupoza moyo kwa maneno matamu.

Angalia hesabu anavyoipiga mwendeshaji. Shaba inapakiwa kule Zambia au inatokea Kongo, inateremka mpaka bandari ya Dar, mteja mmoja, ankara moja, kilomita 1,860 zote zimelipiwa. Wewe unapanda Mlimba, mwenzio anashukia Chita, mwingine Mbingu, nauli ndogo, na mnataka taa, mnataka maji chooni, mnataka mkata tiketi na askari wa kuangalia behewa usiku, na treni ikichelewa mnalalamika na mna haki ya kulalamika. Mfanyabiashara ukimwacha achague mwenyewe atachagua shaba, na sio kwasababu ni Mchina, hata angekuwa mjomba wako angechagua hivyohivyo. Ndomana hili swali haliwezi kuachwa kwa huruma ya mwendeshaji, linatakiwa liandikwe kwenye mkataba, na liandikwe kwa namba.

Na haya tumeshayaona kwa majirani. Kenya na Uganda walipokodisha reli yao ya zamani kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, mzigo ulipewa miaka 25, abiria wa Kenya wakapewa mitano tu, na upande wa Uganda abiria hawakuwemo kabisa. Zambia wenyewe mwaka 2003 walikodisha reli yao nyingine, ile inayotoka Livingstone kupita Lusaka mpaka Copperbelt, mzigo miaka 20, abiria saba. Unaona mchezo unavyokuwa, abiria anawekewa muda mfupi kuliko mzigo kwasababu mwekezaji anajua huyu ni wa hasara, anakubali kumbeba kidogo ili apate mkataba halafu baadae mtajuana. Na mikataba yote miwili haikufika mwisho, Zambia waliuvunja 2012, Kenya na Uganda wakafata 2017. Sisi wenyewe tuna ya kwetu, reli ya kati, 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 kwa miaka 25 na haikufika hata mitano serikali ikairudisha mikononi.

Kuna jambo jingine ambalo nataka wakubwa walisikie. Enzi za vijiji vya ujamaa, miaka hiyohiyo ya sabini ambayo reli ilikuwa inajengwa, watu wengi wa bonde la Kilombero walihamishiwa kandokando ya reli. Hawakujipeleka. Walitolewa walikokuwa wakaambiwa kaeni hapa, treni itapita hapa, na wakalima mpunga na ndizi kwa kutegemea hiyo treni, watoto wao na wajukuu zao ndo nyie mnaoniandikia. Kwahiyo mtu akija kusema treni ya abiria ni msaada tu serikali inawafanyia watu wa huku, huyo hajui historia ya bonde lile. Ni ahadi, na kubadilika kwa mwendeshaji hakufuti ahadi.

Tena nikuombe mama, mkipata nafasi ya kuongea na viongozi msiulize tu kama treni itakuwepo, ulizeni itasimama wapi na kwa dakika ngapi. Mtu wa ofisini Dar hajui treni ikiingia Mlimba kunakuwaje, jinsi roba za mchele zinavyosogezwa ukingoni kabla hata breki hazijalia, kijana mmoja yuko ndani anapokea dirishani, mwingine chini anasukuma kwa bega, mikungu ya ndizi inapita juu ya vichwa vya abiria wanaoshuka, na mwenye mzigo amesimama pembeni anahesabu kwa sauti tano, sita, saba, asije akaachwa na roba moja chini wakati bendera ya kijani imeshapepea. Zile dakika ndo soko lenyewe. Mwendeshaji mpya anaweza asifute treni hata moja, akapunguza tu dakika za kusimama ili ratiba ionekane ya kisasa, au akaruka stesheni ndogo kama Uchindile, na kwenye karatasi ukasoma huduma ya abiria imeboreshwa huku biashara yako imekufa.

Kaka hivi TAZARA na SGR ni kitu kimoja? Kila siku tunabishana hapa kijiweni. – Bodaboda wa Mbeya

Hapana mdogo wangu, mwambie anayebisha akulipe soda. SGR ni ya TRC, shirika la reli la Tanzania, ni ya umeme, upana wake milimita 1,435, ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024 na mwezi uliofata wakafika Dodoma. TAZARA ni mamlaka nyingine kabisa ya nchi mbili, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, upana wake milimita 1,067 sawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, na injini zake ni za dizeli. Alafu kuna ile reli ya kati ya zamani ya milimita 1,000, ndomana pale Kidatu zinapokutana mzigo inabidi uhamishwe, behewa la huku halipiti kule. Kwahiyo huo ukarabati usiuote kama SGR ya pili, ni reli ileile inatengenezwa irudi kwenye uwezo wake.

Mimi nasafiri na treni Dar–Mbeya kila nikipata likizo, napenda kulala na kuona mbuga njiani. Nataka kujua, hiyo miaka mitatu ya ukarabati tutasafiri vipi, na wakimaliza treni itakimbia zaidi? – Mwalimu, Mbeya

Mwalimu shikamoo. Hapa inabidi nieleze reli inavyofanya kazi maana jibu liko hapohapo.

TAZARA ni njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote, lazima moja iingie kwenye njia ya pembeni stesheni isubiri nyingine ipite. Sasa kwenye njia ya hivi kila siku kuna mtu anaamua nani asubiri nani, na uamuzi huo ndo unaotengeneza safari yako kuliko hata kasi ya injini. Miaka ya nyuma kilichotuchelewesha ni uchakavu, mataruma yamechoka, kokoto zimepungua, kuna vipande treni inaambiwa itambae, na vichwa vyenyewe vichache, kikiharibika kimoja treni nzima inasubiri kingine kitoke mbali. Uwezo wa reli ulikuwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 hivi. Ilikuwa imelala.

Ukarabati ukienda sawa yale maeneo ya kutambaa yatapungua na ndio, treni itakimbia zaidi, hasa bondeni. Ule mlima wa kutoka Mlimba kupanda Makambako sidhani kama utabadilika sana, pale ni mahandaki na madaraja na kona, kuna daraja la Mpanga nguzo zake zina urefu wa kama mita 50, hapo hakuna mtu mwenye akili atakimbiza treni. Ila sasa tatizo linahama, reli ikipona mzigo unajaa, na treni za mzigo zikiwa nyingi kwenye njia moja wewe abiria ndo utakuwa unaingizwa pembeni Kisaki au Fuga usubiri shaba ipite, mara moja, mara mbili, mara tatu, ukifika Mbeya umechelewa kuliko zamani na reli ni mpya! Kwahiyo mwalimu kitu cha kudai ni kipaumbele, iandikwe kwamba treni ya abiria ikikutana na ya mzigo ya mzigo inasubiri, na ichelewe mwisho dakika kadhaa zinazojulikana, zaidi ya hapo mwendeshaji anakatwa hela. Nchi zenye mikataba ya kueleweka hivyo ndo wanavyofanya.

Kuhusu hii miaka mitatu, kazi ya kubadilisha mataruma inafungia njia masaa kadhaa kwa siku, na kwasababu ni njia moja hakuna pa kuchepukia. Mimi ningekuwa napanga likizo ningeulizia stesheni wiki hiyohiyo ya safari, nisitegemee ratiba ya zamani ile ya treni ya Kilimanjaro Jumanne na treni ya Mukuba Ijumaa ambayo watu wengi bado wanayo kichwani. Na ukiwa na safari ya lazima, msiba au mtihani, beba nauli ya basi mfukoni.

Nauli itapanda? Jibu moja kwa moja tafadhali usizunguke. – Msomaji, Makambako

Naamini itapanda. Mtu aliyeweka dola bilioni 1.4 anazitaka, na mfano uko Kenya, treni ya Madaraka Express Nairobi–Mombasa ilianza 2017, na Januari 2024 daraja la kawaida likatoka shilingi 1,000 za Kenya mpaka 1,500, daraja la kwanza likatoka 3,000 mpaka 4,500, nusu nzima kwa mkupuo mmoja, sababu iliyotolewa ni bei ya mafuta. Nauli zetu za usafiri wa ardhini zina msimamizi, LATRA, na lipo baraza la watumiaji linaitwa LATRA CCC ambalo kazi yake ni kupeleka sauti yako. Nauli mpya zikipendekezwa na maoni yakiitishwa nendeni mkaongee, maana vikao vya hivi mara nyingi viti ni vitupu alafu tunakuja kulia baadae.

Ila mimi nauli kupanda kidogo sioni kama ndo adui mkubwa. Mtu wa Makambako akiwa na uhakika treni itafika saa iliyoandikwa atalipa kuliko kusubiri treni ya bei rahisi asiyojua kama iko Zambia au imelala njiani. Kitu cha kukataa ni daraja la tatu kufutwa kimyakimya. Vyumba vya kulala vya watu wanne na vya sita vizuri tu vibaki, lakini watu wengi wa reli hii ni wa kukaa kwenye viti, na mwekezaji huwa anapenda kuanzia juu kwasababu picha zinapendeza.

Kaka, mimi ni fundi wa TAZARA, nina mikataba ya mwaka mwaka. Tutabaki kazini? – Fundi, jina lisitajwe

Ndugu yangu usisubiri mtu akuambie kwa mdomo. Nenda TRAWU, chama cha wafanyakazi wa reli, tawi lako kaulizie kwa maandishi mambo matatu, mwajiri wako baada ya makabidhiano atakuwa nani, utumishi wako wa nyuma unahesabiwaje, na mafunzo ya vichwa vipya nani anapelekwa. La tatu ndo kubwa kwako, injini zikija mpya na mafundi wakaja nazo, miaka 27 ni mingi, kijana wa karakana ya Mpika kule Zambia au ya Dar asipoingizwa kwenye hiyo kazi mwanzoni mkataba utaisha hakuna anayeijua. Tunza nakala za mikataba yako yote, na za malipo.

Sisi wa huku Mwakanga treni ya mjini imetusaidia sana toka enzi za Mwakyembe. Mbona hakuna anayeizungumzia? – Mkazi wa Dar

Umegusa kitu ambacho hata mimi nimeona kimesahaulika kwenye mjadala. Kwa wasiojua, Oktoba 2012 wakati Dk. Mwakyembe akiwa waziri wa uchukuzi zilianzishwa treni mbili za mjini Dar, moja reli ya kati kwenda Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA kutoka stesheni yao mpaka Mwakanga, watu wakaziita treni ya Mwakyembe moja kwa moja. Ile ya kwenu inatumia reli ileile ambayo mizigo yote ya kwenda na kutoka bandarini lazima ipite. Asubuhi saa 12 wewe unawahi Kariakoo, na konteina nazo zinataka kutoka.

Maoni yangu ni kwamba treni ya mjini isiwe ya mwendeshaji wa mzigo kabisa, iwe ya serikali, inunue nafasi ya kupita kwenye reli kwa masaa maalum asubuhi na jioni. Sio jambo geni, TAZARA yenyewe ilisharuhusu kampuni binafsi ya Zambia, Calabash, kuendesha treni zake za mzigo kwenye reli hii na kulipia kupita. Kama mzigo wa mtu binafsi ulipita, watu wa Mwakanga watashindwaje? Ila hiyo haki ya kupita inatakiwa iwepo kwenye mkataba, ikikosekana mwenye reli atawaambia nafasi imejaa na hamtakuwa na pa kwenda.

Nafanya biashara Tunduma na Nakonde, huwa natumia treni kwenda Kasama na Mpika. Upande wa Zambia tutapata treni za kutosha? – Mfanyabiashara wa mpakani

Upande wa Zambia ni kilomita 885 na wa kwetu 975, kwahiyo sio kipande kidogo na serikali yao nayo ina wapiga kura wa Kasama na Mpika wa kuwajibu. Wewe ombea treni ya kuvuka mpaka isikatwe vipande viwili. Mwendeshaji anaweza kuona rahisi zaidi kuwa na treni moja inaishia Tunduma na nyingine inaanzia Nakonde, uhamiaji usiingie ndani ya treni kukagua, watu washuke na mizigo yao wavuke kwa miguu. Kwa karatasi ni jambo dogo ila kwa mama mwenye magunia manne na mtoto mgongoni usiku ni balaa. Na kule mwisho Kapiri Mposhi stesheni ya TAZARA haiko pamoja na ya reli ya Zambia, mpaka leo abiria anashuka anaanza kutafuta usafiri mwingine wa kumtoa pale, hilo nalo lingekuwa la kwanza kurekebishwa kama kweli wanamfikiria abiria, maana halihitaji mabilioni.

Mhariri umeongea sana kuhusu kudai, sasa sisi wananchi wa kawaida tunadai kwa nani na tunasema nini? – Kijana wa Ifakara

Kwa mbunge wako, kwanza. Mkataba wa nchi mbili hauko mbali na bunge, kuna kamati ya miundombinu na waziri wa uchukuzi anaulizwa maswali ya msingi na ya nyongeza, na wabunge wa Kilombero, Mlimba, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma wakiuliza swali moja kwenye kikao kimoja litajibiwa. Msimwandikie "tunaomba utusaidie treni", hiyo ataisoma ataweka pembeni. Andikeni hivi: tunataka kujua huduma ya abiria imepewa miaka mingapi kwenye mkataba, ni 27 kama mzigo au ni pungufu. Treni ngapi kwa wiki, kwa kiwango cha chini kabisa, na treni ya Udzungwa ya Kidatu–Makambako ihesabiwe peke yake isichanganywe na za kwenda Kapiri. Stesheni gani lazima zisimamwe. Nani anafidia hasara ya abiria, na kama ni serikali, kifungu cha bajeti ni kipi, kwasababu ruzuku isiyokuwa kwenye bajeti mwaka wa pili haipo. Adhabu ya treni isiyotokea ni shilingi ngapi na inalipwa kwa nani.

Pitisheni barua hiyo kwa mtendaji wa kijiji igongwe muhuri, wafanyabiashara wa sokoni wasaini na wataje wanasafirisha magunia mangapi kwa mwezi, nakala moja iende LATRA CCC na nyingine makao makuu ya TAZARA pale Dar. Na fanyeni ndani ya hii miaka mitatu ya ukarabati, kabla ratiba mpya haijapangwa.